TAHADHARI: Muuzaji wa magari madogo ya kukunja paa anayezunguka Moshi na Arusha

Ndugu zangu wapenzi wa magari, naandika kuwatahadharisha juu ya mwanamume anayezunguka kati ya Moshi na Arusha akiuza magari madogo ya michezo ya viti viwili, yale yenye paa la turubai linalokunjwa kwa mkono. Ameniuzia Mazda MX-5 iliyooza chini, huku akiniapia kwamba hakuna nyingine safi kama hiyo Kanda ya Kaskazini nzima. Jina lake siliandiki hapa kwa sababu shauri liko polisi na nimeshauriwa nisilivuruge, lakini mwenendo wake nitaueleza wote, ili atakayekutana naye amtambue hata akibadilisha jina na laini ya simu, jambo ambalo ameshalifanya.

Wengi wenu mnajua nimelitamani gari hili tangu lini, na fedha mnajua zilikotoka, kwa hiyo hayo sitayarudia.

Alikuja asubuhi, Kibo ikionekana yote bila wingu, akaliegesha gari karibu na mzunguko wa YMCA pale Moshi mjini, paa likiwa limelazwa nyuma na kufunikwa vizuri kwa kile kifuniko cheusi cha vifungo vya kubonyeza ambacho magari haya hutoka nacho kiwandani. Lilikuwa jekundu, limeoshwa na kung'arishwa hadi kwenye matundu ya rimu. Alishuka haraka, akanipa mkono huku ameushika kwa mkono wa pili kama wanavyofanya vijana waliolelewa vizuri, akasema, "Shikamoo mwalimu, samahani kwa kukuamsha mapema." Alijua mimi ni mwalimu kwa sababu alikuwa ameniulizia kwa watu kabla ya kuja, nami nilichukulia hilo kuwa dalili ya mtu makini.

Kisha akaanza kunieleza habari za gari, na hapa naomba mnielewe, kwa maana ndipo imani yangu ilipojengwa: kila alichokisema kuhusu aina hii ya gari kilikuwa kweli. Alisema lilizinduliwa kwenye maonesho ya magari ya Chicago mwaka 1989, na ni kweli. Alisema linaundwa Hiroshima, na kwamba kizazi cha kwanza kiliuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, na ni kweli. Alisema injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito haufiki tani moja. Nayo ni kweli. Alijua hata kwamba Guinness walilitambua mwaka 2000 kuwa gari la michezo la viti viwili lililouzwa kuliko mengine yote duniani, na kwamba la milioni moja lilitoka kiwandani mwaka 2016. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma miaka mingi kabla ya kuonana naye, na nilipomsikia akiyataja bila kukosea nilijiambia kuwa huyu si dalali wa kuokota magari barabarani, huyu anaijua kazi yake. Uongo wake wote aliuweka kwenye gari moja tu, lile lililokuwa mbele yangu.

Alibonyeza kitufe cha taa za mbele, zile za kizazi cha kwanza zinazoinuka kutoka kwenye boneti, zikainuka zote mbili kwa pamoja bila moja kuchelewa. Akaninyamazia kidogo nizitazame. Nikamwambia, "Kaka, naomba nilione likiwa limefungwa paa." Nasisitiza kwamba niliomba, kwa sababu kuna wanaosema mitaani kwamba mwalimu alinunua gari bila kulikagua. Alinijibu kwa upole sana: "Mwalimu, baridi ya asubuhi haijaisha. Dirisha la nyuma la hili ni la plastiki, siyo kioo. Tukilikunjua likiwa na baridi litapasuka, na mimi sitaki ulipokee limepasuka. Jua likipanda tutalifunga pamoja." Na hilo pia ni kweli! Kizazi cha kwanza kina dirisha la plastiki la kufungua kwa zipu, plastiki hiyo hukakamaa kwa baridi na kupasuka kwenye mkunjo, na kioo kilikuja kuwa cha kawaida kuanzia kizazi cha pili cha mwaka 1998. Mtu yeyote anayelijua gari hili angepewa jibu lile asubuhi ile angelikubali. Akafungua vifungo vichache vya kona moja ya kifuniko, akaniambia niingize mkono niguse, na kweli nikagusa kitambaa kipya, kizito, kisicho na hata alama ya jua. "Turubai jipya kabisa hilo," alisema, "mwenyewe alilibadilisha kabla halijapanda meli."

Tukaingia barabarani kuelekea Boma Ng'ombe, naye akanipa usukani. Wale ambao hawajawahi kuliendesha hawatajua ninachokisema: mkono wa gia ni mfupi, unahama kwa kifundo cha mkono tu, usukani unakuambia kila kokoto, na upepo wa mlimani unapita juu ya kioo cha mbele bila kukupiga usoni. Alinyamaza njia nzima akaniacha niendeshe. Leo naamini alijua kabisa kinachonipata, na alikuwa anasubiri.

Tuliporudi Moshi jua lilikuwa limepanda vizuri, na nilikuwa karibu kumkumbusha habari ya paa, ndipo simu yake ikaita. Akaongea na mtu kwa sauti ya kusikika, kwamba aje Himo haraka kwa kuwa kuna mteja na fedha mkononi. Akakata simu, akanigeukia kwa uso wa huruma na kutoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoorodhesha hali ya gari kwa herufi, daraja la 4, ikiwa na A na U chache za mikwaruzo na mibonyeo midogo, bila S hata moja, na S ndiyo herufi ya kutu. Namba ya chasisi ilianza na NA8C, maana yake injini ya lita 1.8 iliyokuja mwaka 1993, ambayo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mlikuwa pia na nakala ya kadi ya usajili ikionesha ujazo wa injini wa 1,839. Kadi halisi, alisema, iko kwa ndugu yake Dar es Salaam na itakuja kwa basi, ndiyo maana yuko tayari kuacha sehemu ya fedha mkononi mwangu mpaka nitakapoipokea. Nani asiyemwamini muuzaji anayekubali kudai? Akamalizia: "Mwalimu, wewe ni mtu wa heshima. Siwezi kukuuzia kitu kibovu halafu nikutane nawe kanisani Jumapili." Nikamlipa.

Mvua ya masika ilitukuta Usa River, mimi na binti yangu, tukirudi nyumbani Arusha. Niliegesha pembeni, nikafungua vifungo vyote vya kifuniko kwa mara ya kwanza, nikashika paa kulivuta mbele. Fremu ya upande wa kushoto ilikuwa imevunjika kwenye bawaba na kufungwa kwa waya wa kufungia nondo. Kitambaa kile kipya nilichokuwa nimekigusa kilikuwa kipande tu kilichoshonewa upande wa juu, na kilichobaki kilikuwa cha zamani, kimesinyaa, hakifiki kwenye fremu ya kioo kwa upana wa kiganja, kwa hiyo zile komeo mbili za juu ya kioo hazikuwa na cha kushika. Binti yangu alijifunika kwa kanga aliyokuwa nayo. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamejikinga chini ya banda walitoka na nailoni kutusaidia, na mmoja wao, ambaye niliwahi kumfundisha, aliniita "mwalimu" mbele ya wenzake huku maji yakitiririka kwenye viti. Sijawahi kuona aibu ya namna ile maishani mwangu, na sikuwa nimemkosea mtu.

Mambo mengine niliyaona gereji, maeneo ya Unga Limited. Nyuma ya viti vya MX-5, kila upande, kuna tundu la kutolea maji yanayoshuka kutoka kwenye paa. Yote mawili yalikuwa yamejaa majani na udongo wa miaka mingi, na juu yake yamepakwa silikoni. Maji yakikosa njia huingia kwenye boksi za chuma zilizo chini ya milango na kuzila kwa ndani, rangi ya nje ikiwa nzima. Fundi bodi aligonga kwa kidole, akachukua bisibisi, akaisukuma bila nguvu, ikazama mpaka kwenye mpini. Alipobandua puti, nyuma yake mlikuwa na magazeti yaliyosokotwa na kushindiliwa. Magazeti ya Kiswahili, ndugu zangu. Mtu aliyeniambia kwamba gari halijaguswa na fundi yeyote tangu lishuke melini alikuwa amelijaza magazeti ya hapa hapa nchini.

Na hii si habari ya urembo. Gari lenye paa la chuma linashikwa na paa, nguzo na sakafu kwa pamoja, lakini gari la kukunja paa halina kitu juu, kwa hiyo boksi zile za chini ya milango ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mwili wake. Fundi alipoweka jeki katikati, mlango wa abiria ukakataa kufunguka. Akaniambia kwamba kwa kishindo cha kawaida tu gari lingejikunja katikati. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye kiti hicho kutoka Moshi mpaka Arusha, malori yakitupita.

Kadi halisi ilikuja kwa basi kama alivyosema. Ujazo wa injini ni 1,597. Namba iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini inaanza na NA6CE, yaani ni ile ya lita 1.6, na karatasi ya mnada ni ya gari jingine kabisa. Jina la kwenye kadi si lake wala si la ndugu yake. Nilipompigia alipokea, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, gari la zamani ni gari la zamani," akakata. Tangu hapo namba ile haipatikani.

Nataka mtu huyu afungwe. Sitaki suluhu, sitaki wazee wa ukoo wake waje nyumbani kwangu na maneno mazuri, sitaki anirudishie nusu ya fedha halafu aendelee. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na kughushi nyaraka ni kosa jingine linalojitegemea, na ninaomba yote mawili yafuatwe hadi mwisho. Mtu aliyeshindilia magazeti kwenye chuma kinachobeba uhai wa watu, akapaka puti, akapaka rangi, kisha akashikana nami mikono kwa heshima, hakuteleza wala hakudanganywa na aliyemuuzia. Alikaa akafanya kazi ile kwa mikono yake au alimlipa mtu aifanye, na fundi huyo naye atafutwe ashtakiwe pamoja naye. Mwenye gereji anayekubali kuficha boksi iliyooza kwa karatasi apokonywe leseni.

Kwa anayetaka kununua gari la namna hii, paa lifungwe mbele yako, komeo zote mbili zishike, na limwagiwe maji ukiwa umekaa ndani. Sumaku ipitishwe chini ya milango na kwenye kona za mbele ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu puti haishiki sumaku. Inua kapeti nyuma ya viti. La kwangu lilikuwa na harufu kali ya manukato, na sasa najua manukato yale yalikuwa yanafunika nini. Namba ya chasisi isomwe kwenye chuma, ilinganishwe na kadi halisi, siyo nakala. Akikwambia kuna mteja Himo, mwache aende Himo.

Wiki hii nimeambiwa na mtu ninayemwamini kwamba ameonekana Njiro na gari jingine la aina hiyo hiyo, la rangi ya fedha, paa likiwa limelazwa na kifuniko kimefungwa vifungo vyote. Maana yake kuna mtu Arusha ambaye sasa hivi anafikiria kumlipa. Kama ni wewe, usilipe. Kama umeshalipa, usikae kimya kwa kuona haya. Chukua mkataba, risiti za benki na kila ujumbe aliokutumia, uende ukafungue jalada, nami nitakuja kutoa ushahidi siku yoyote nitakayoitwa. Gari langu bado liko gereji, puti imebanduliwa na magazeti yamewekwa kwenye mfuko, na fundi amekubali yeyote anayetaka aje aone kwa macho yake.