Ndoo Moja ya Maji: Siku Tatu Katika Kambi ya Mahema ya Damaraland

Kwa miaka mingi ya kupanga safari za wageni mjini Arusha nimeyaona maneno "rafiki wa mazingira" yakibandikwa kwenye kambi zenye bwawa la kuogelea, jenereta linalonguruma hadi usiku wa manane na lori la kuni linaloingia kila wiki. Kwa hiyo nilipokwenda kaskazini-magharibi mwa Namibia mwezi Julai, nilitaka kujua jambo moja tu: je, kambi inayojisifu kwa kuitunza jangwa inamdai mgeni wake nini? Niliyoichagua ni kambi ndogo ya mahema katika milima ya Etendeka, mkoa wa Kunene, eneo ambalo wengi bado wanaliita Damaraland. Jina la kambi nimeliacha, kwa kuwa nina malalamiko mawili ambayo nilikwisha kuyafikisha kwa wenyewe, nao wakanisikiliza.

Kufika kwenyewe ni kazi. Kutoka Windhoek hadi Palmwag, makazi yaliyo karibu na milima hiyo, ni takriban kilomita 580 kwa njia ya Otjiwarongo, Outjo na Kamanjab, na baada ya Kamanjab lami inaisha, barabara inakuwa ya changarawe yenye mawe makali. Chukua matairi mawili ya akiba, jaza mafuta kila unapoona kituo, wala usidanganyike na unyoofu wa barabara ukakimbiza gari. Magari ya wageni huachwa mahali pa kukutania, na saa kumi alasiri gari la kambi huja kuwachukua wote kwa pamoja. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Tulipoanza kupanda juu ya mawe, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, nilielewa kwamba kila gari linaloingia peke yake lingechora njia mpya ardhini, na katika nchi ambayo mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 150, alama ya tairi hudumu miaka na miaka kabla ya kufutika.

Milima yenyewe ina rangi ya kutu na vilele bapa, kana kwamba imekatwa kwa panga moja. Ni lava iliyomwagika tabaka juu ya tabaka miaka milioni 132 hivi iliyopita, kabla Afrika na Amerika Kusini hazijatengana, na mwamba wa aina hiyohiyo unapatikana leo kule Brazil. Mawe yametapakaa kila mahali, mpaka unajiuliza mnyama anakanyaga wapi.

Hema langu lilikuwa la turubai zito, lenye vitanda viwili, mablanketi ya kutosha, taa moja ya sola na choo nyuma yake. Hapakuwa na soketi ya umeme wala kiyoyozi. Simu huchajiwa kwenye banda la kulia chakula, mchana tu, na mtandao haupo. Bafu halina paa. Ndani yake imetundikwa ndoo ya lita 20 kwenye kapi, na jioni mhudumu huuliza ungependa maji ya moto saa ngapi, kisha huijaza, huivuta juu kwa kamba na kuondoka. Unajilowesha, unafunga, unajipaka sabuni, unafungua tena. Kwa sisi tuliokulia na kata na ndoo hili si jambo la kusimuliwa, lakini wageni wawili kutoka Ulaya waliokaa hema la jirani walilizungumzia mezani kila siku, na kufikia siku ya tatu walikuwa wakishindana nani amebakiza maji mengi zaidi. Maji hayo hutoka kisimani, na kisima hicho kina wadai wengine wenye miguu minne. Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza kupungua, kwa sababu kambi haikujitwisha peke yake gharama ya kutunza jangwa, wala haikuificha; iliigawa na kumpa mgeni sehemu yake mkononi.

Chakula ni cha kawaida, kinaliwa katika meza moja na waongozaji wenyewe. Mkate unaookwa pale pale ni mzuri sana. Mboga ni chache, na chai ya maziwa wanayoijua ni maji ya moto yenye kifuko, maziwa yakiwa pembeni. Nilisamehe.

Kiini cha kukaa pale ni matembezi ya asubuhi. Mwongozaji wetu alikuwa Mherero, na tulipogundua kwamba mtu kwao ni omundu, mti ni omuti na nyama ni onyama, matembezi yaligeuka kuwa darasa la lugha. Wazungu walibaki wakitutazama tukicheka. Alituonyesha mnyaa wa Damaraland, ambao utomvu wake ni sumu kwa binadamu lakini faru mweusi anautafuna bila wasiwasi, na welwitschia, mmea wenye majani mawili tu maisha yake yote, ambayo yanaweza kupita miaka 1,000. Tuliwaona pundamilia wa milimani, wenye tumbo jeupe lisilo na milia na ngozi inayoning'inia kooni, wakipanda mawe kama mbuzi. Choroa walisimama juani bila kujali.

Faru tulimwona mara moja, alasiri ya pili, kwa darubini, kutoka ng'ambo ya bonde. Kabla ya hapo mwongozaji alitutaka tuzime huduma ya mahali kwenye simu zetu, ili picha zisibebe alama ya kuwaelekeza majangili. Wafuatiliaji wa faru wamekuwa wakiizunguka milima hii kwa miguu tangu miaka ya 1980, na mtu akisimuliwa kazi hiyo haoni tena sababu ya kulalamika kwamba tulikuwa mbali. Ndovu hatukuwaona kabisa, tuliona nyayo na kinyesi kikavu tu. Ndovu wa huku wanaweza kukaa siku kadhaa bila kunywa na hutembea masafa marefu, hivyo anayehitaji kuhesabu makundi kutoka dirishani mwa gari aende Serengeti, au abaki hukohuko Namibia aende Etosha.

Jambo lingine lililonipendeza ni mpangilio wa ardhi. Sheria ya mwaka 1996 iliwapa wakazi wa maeneo ya vijijini nchini Namibia haki ya kuunda hifadhi zao za jamii na kunufaika na wanyamapori, na hifadhi za kwanza zilisajiliwa mwaka 1998. Wafanyakazi niliozungumza nao walitoka katika makazi ya karibu, na walieleza masuala ya mapato na ajira kama watu wanaohusika nayo, bila kusoma kutoka kwenye kipeperushi.

Sasa malalamiko. La kwanza ni chupa ndogo za plastiki za maji tulizogawiwa ndani ya gari siku ya kuwasili. Kambi inayopima maji ya kuoga kwa ndoo haiwezi kushindwa kununua dumu na vikombe. La pili ni bei. Ni kubwa, na ingawa raia wa nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, walikuwa na nafuu nzuri, nafuu hiyo haikutajwa popote nilipoulizia malazi. Niliipata kwa kuidai, baada ya barua pepe tatu. Mwafrika asiyejua kuuliza atalipa bei ya mgeni wa mbali.

Mwenye magoti mabovu au watoto wadogo asiende, kwa kuwa mawe yale hayana huruma. Siku mbili ni chache mno. Chukua tatu, na ukienda Julai beba koti zito, maana alfajiri baridi inapenya turubai. Mimi niliamka mapema siku ya mwisho kwa sababu hiyohiyo ya baridi, nikatoka nje nikiwa nimejifunga blanketi, nikakikuta Kilimia kimechomoza juu ya kilele bapa cha mashariki. Mhudumu alikuwa tayari anapita na birika, akaniuliza kama bado nitahitaji ndoo yangu ya asubuhi. Nilimwambia nusu inatosha.