Balkoni Inatazama Bahari, Dishi Linatazama Wapi? Nimejaribu Mkono wa Sentimita 90 na Mita ya Mshale

Karibuni tena wadau. Leo nipo balkoni kwangu, Upanga, ghorofa ya tano, na hapo nyuma yangu mnaiona bahari. Upepo unaosikika kwenye maiki mnisamehe. Dalali alipokuwa ananionyesha hii fleti aliusifia huu upepo mpaka nikasahau kuuliza kitu kimoja cha maana: magharibi iko upande gani? Iko nyuma ya ukuta wa jikoni. Na huko nyuma ya ukuta wa jikoni ndiko waliko Simba na Yanga.

Ngoja nifafanue. Ligi Kuu yetu iko Azam, mkataba wa miaka 10 tangu 2021, na Azam wanarusha kupitia satelaiti ya nyuzi 7 mashariki. Hiyo imekaa juu ya ikweta, karibu na usawa wa kisiwa cha São Tomé. Sisi Dar tupo nyuzi 39 na ushee. Kwa hiyo dishi la Azam hapa mjini linatazama magharibi, linakwenda kidogo kaskazini, na linainua macho nyuzi kama 52. Sasa DStv ni habari nyingine. Yao ipo nyuzi 36, juu ya Kenya, pande za Nakuru. Ukiwa Dar hiyo iko karibu utosini, nyuzi 81.

Fundi wa kwanza alisimama hapa mlangoni, akatazama bahari, akasema, "Kaka, hapa hakuna kitu, balkoni imekaa vibaya." Akachukua nauli, akaondoka. Kwa Azam alikuwa sahihi kabisa. Kwa DStv alikosea, kwa sababu satelaiti iliyo utosini haijali balkoni yako inatazama wapi. Inachojali ni kipi kiko juu ya kichwa chako. Kwangu mimi ni balkoni za majirani wawili na ukingo wa paa, jumla mita 7.

Ndipo inapoingia hii bidhaa ya kwanza. Huu ni mkono wa chuma wa ukutani, sentimita 90, nimeutoa Kariakoo. Hesabu yake ni hii, na wenye balkoni za mashariki isikilizeni vizuri: kwa kila mita moja ya jengo iliyo juu yako, dishi zima lazima litoke nje sentimita 7. Mimi mita 7, kwa hiyo nusu mita. Ongeza nusu ya upana wa dishi langu la sentimita 80, unapata 90. Umetosha kwa kubana pumzi. Kwa Azam, hesabu hiyo hiyo inataka sentimita 78 kwa kila mita, yaani mkono wa karibu mita sita, na hapo tutakuwa tunajenga daraja.

Mkono wenyewe nimeupenda. Umechovywa zinki, haukupakwa rangi tu, na kwa chumvi ya huku hilo si pambo. Jirani wa ghorofa ya tatu ana wa rangi, bolti zake zimeshaanza kulia kutu ukutani. Nimeufunga kwenye boriti ya zege, kwa bolti zinazojikaza ndani. Usiufunge kwenye reli ya balkoni, tafadhali sana, chini kuna watoto wanacheza. Ubaya wake ni kutikisika. Kusi ikivuma vizuri, picha inavunjika vipande vipande mpaka mtangazaji anaongea kama roboti. Nikaongeza chuma cha kuegemeza pembeni, ikatulia. Hicho chuma kilipaswa kuja ndani ya boksi. Halafu kunguru. Dishi lililolala chali hivi kwa kunguru wa Dar ni choo cha umma.

Bidhaa ya pili, hii mita ndogo ya mshale inayopiga kelele. Unaiweka kati ya LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, na king'amuzi, inapata umeme kupitia waya huo huo. Sijafurahishwa nayo. Inalia, kweli, ila inalia kwa satelaiti yoyote itakayoiona, haijui jina la hata moja. Mimi ilinililia vizuri sana, mshale mpaka mwisho, na king'amuzi kikaniambia hakuna chaneli. Itumie kusogeza kidogo kidogo ukishafika. Kujua umefika wapi, angalia asilimia ya ubora kwenye king'amuzi chenyewe. Ile ya nguvu inaweza kupanda hata umekamata satelaiti ya watu wengine.

Programu za simu zinazochora satelaiti angani nazo ni nzuri, mpaka uzitumie balkoni. Nondo na reli za chuma zinaichanganya dira. Mimi imenionyesha kaskazini tatu tofauti hapa hapa nilipokaa.

Kipimo nilichokiamini ni cha bure. Siku chache kuelekea tarehe 24 Machi, na tena kuelekea tarehe 20 Septemba, jua linapita karibu kabisa na satelaiti hizi. Mwezi Machi ni saa saba kasorobo mchana kwa ile ya nyuzi 36 na saa tisa alasiri kwa Azam. Septemba toa kama robo saa. Jua hilo likigusa pale unapotaka kufunga dishi, njia ipo. Ukiona kivuli, usinunue kitu. Na kama tayari una dishi na picha inakatika dakika chache saa hizo hizo, usimwite fundi, ni jua limekaa nyuma ya satelaiti.

Wa balkoni za kusini mna bahati ambayo hamuijui: satelaiti zote mbili zinataka sentimita 14 au 15 tu kwa kila mita. Wa kaskazini na magharibi, nyie fungeni tu, hii video si yenu.

Kwa Azam nilimalizia juu. Paa ni la wote, kwa hiyo tulikaa wapangaji wanne na msimamizi wa jengo, tukakubaliana dishi moja, LNB ya matundu manne, kila mtu anashusha waya wake na analipia king'amuzi chake. Wangu umekula mita 30. Hizo mita 30 alizinunua jirani wa ghorofa ya saba, shabiki wa timu nisiyoitaja, na mechi ni saa kumi. Ngoja nikamlipe kabla hawajafungwa.