Uzoefu wangu: gauni refu la kitenge kwa paterni ya bahasha

Kama unafikiria kununua paterni ya karatasi, yaani vielelezo vya kukatia nguo, ujishonee gauni refu nyumbani, jibu langu ni ununue, mradi uko tayari kusoma. Langu nimelivaa kanisani, nimelivaa kwenye ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binamu yangu, na siku za Ijumaa nalivaa kazini. Linanikaa mabegani kuliko gauni lolote nililowahi kununua madukani hapa mjini. Sifa hiyo naipa paterni, na hasa namba ndogo zilizochapwa katikati ya karatasi zake, ambazo watu wengi huziruka wakaishia kulaumu cherehani.

Yangu ni ya kampuni kubwa ya Marekani. Hapa Nairobi si kitu cha kukuta kila duka la vitambaa, kwa hiyo niliiagiza na shemeji akaja nayo aliporudi nyumbani. Ndani ya bahasha mna karatasi nyembamba sana, zile ambazo ukiziweka juu ya kitu unakiona kilicho chini, pamoja na kijitabu cha maelezo chenye michoro. Gauni lina shingo ya V, mikono mifupi, mshono kiunoni, zipu mgongoni, mifuko ya pembeni, na sketi inayopanuka taratibu mpaka vifundoni. Saizi zote kuanzia 16 hadi 24 zimechorwa kwenye karatasi moja, mstari juu ya mstari, nawe unafuata wako.

Utaratibu huu una umri. Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa Massachusetts, alianza kuuza paterni za karatasi zilizokwisha kupangwa kwa saizi mwaka 1863. Kabla ya hapo, aliyepata paterni alipata saizi moja tu, kuipanua au kuipunguza ilikuwa juu yake. Ninapokunjua karatasi hizi mezani namshukuru kwa dhati, maana sehemu ngumu zaidi ya kushona imekwisha kufanywa na mtu anayeijua.

Sasa saizi, na hapa nitakaa kidogo.

Gauni la dukani navaa 14. Namba hiyo isahau kabisa, haina uhusiano na paterni. Kampuni kubwa za Marekani kama Simplicity, McCall's, Butterick na Vogue zinatumia jedwali lao ambalo 14 ni kifua inchi 36, kiuno 28, nyonga 38. Saizi 16 ni 38, 30 na 40. Saizi 20 ni 42, 34 na 44. Mimi nina kifua 38, kiuno 31 na nyonga 44. Ona basi: kifua kinasema 16, nyonga inasema 20. Dada wengi ninaowajua wako hivyo hivyo, kiuno chembamba na nyonga za kwao, na jedwali halikuchorwa likituwazia sisi. Wengi wakifika hapo wanakata ile kubwa ili wawe salama, kisha gauni linaning'inia mabegani na shingo inapwaya ukiinama.

Dawa iko kwenye karatasi yenyewe. Tafuta alama ya duara lenye msalaba ndani, kwenye kifua, kiuno na nyonga. Kando yake pamechapwa vipimo vya nguo ikishakamilika, saizi kwa saizi. Hivyo ndivyo vya kulinganisha na mwili wako. Kwenye gauni langu, nyonga ya saizi 16 ikishakamilika ilikuwa inchi 49, kwa sababu sketi inapanuka. Mimi nina 44. Zinabaki inchi 5 za kupumulia, hata nikipanda matatu ya ngazi ndefu hakuna kinachobana. Kiuno kilikuwa 34, na mimi nina 31. Basi nikakata 16 kutoka juu hadi chini, ingawa jedwali la mgongoni mwa bahasha lingenipeleka 20. Kwa sketi nyembamba iliyobana nyonga hesabu ingekuwa nyingine: ningeanza na 16 kifuani na kutoka nje taratibu kuelekea 20 nyongani, nikiunganisha mistari kwa rula ya kujipinda.

Jambo la pili ni kifua chenyewe. Pima mara mbili: juu, chini kidogo ya makwapa, halafu pale penye ujazo. Paterni za kawaida huchorwa kwa tofauti ya kama inchi 2 baina ya vipimo hivyo. Yangu ni 2, kwa hiyo sikugusa kitu. Ukiwa na tofauti ya 4, chagua saizi kwa kipimo cha juu ili mabega yakae, kisha ongeza nafasi kifuani peke yake. Paterni nyingine huja na vipande tofauti vya kifua kuanzia A hadi D, na hizo ningezipa kipaumbele kwa mwenye kifua kikubwa.

Urefu: mimi ni sentimita 160, mfupi kuliko mwanamke waliyemchora. Kwenye karatasi kuna mistari miwili inayokwenda sambamba iliyoandikwa mahali pa kurefusha au kufupisha. Ifupishe hapo, usikate chini. Ukikata chini tu, mifuko inabaki imeshuka na upana wa sketi unapotea, na upana huo ndio uzuri wa gauni lenyewe.

Kabla ya kugusa kitenge nilishona sehemu ya juu kwa shuka kuukuu, bila zipu, nikafunga kwa pini mgongoni. Ni jioni moja ya kazi na inalipa. Niliona dati za kifuani, yaani ile mikunjo inayoumba kifua, zinaishia mahali pake, na shingo iko chini kidogo kuliko ninavyopenda. Nikaipandisha nusu inchi kwenye karatasi. Na karatasi zenyewe sikuzikata. Nilinakili saizi yangu kwenye karatasi ya kaki, ile wanayotumia mafundi wetu, ili saizi nyingine zibaki salama kwa dada yangu.

Kitenge nilinunua Biashara Street, yadi 6 za pamba. Bahasha ilitaka yadi 5 na robo kwa kitambaa cha upana wa inchi 45, na chini ya hapo kwa cha inchi 60. Vitenge vyetu vingi viko karibu na 45, kwa hiyo soma safu hiyo. Kama ua lako lina juu na chini, ndege wote wakiangalia upande mmoja kwa mfano, ongeza kitambaa, maana vipande vyote lazima vilale kuelekea upande mmoja. Ukitaka kitambaa laini kinachoanguka, panda matatu namba 6 au 9 uende Eastleigh utafute rayoni ya inchi 60. Bahasha yangu ilipendekeza hasa vitambaa vya namna hiyo. Kitenge kina ugumu wake, kinasimama kidogo kiunoni, na kwa gauni hili mimi nilipenda kinavyosimama. Kifue kwanza, ukianike, ukipige pasi. Stachi inatoka, kinachotaka kusinyaa kinasinyaa, na rangi inayochuja unaijua mapema.

Hapa ndipo ile karatasi nyembamba ilinifurahisha kuliko kitu chochote kingine kwenye bahasha. Kitenge changu kina duara kubwa, kubwa kama sahani ya chai, la samawati lenye kiini cha machungwa. Nililaza karatasi juu yake nikaona duara likipita chini yake, nikaisogeza polepole mpaka kiini kikaangukia katikati ya mbele, chini kidogo ya ncha ya V. Halafu nikahakikisha hakuna duara linalokaa juu ya titi moja na kuliacha jingine. Karatasi ya kaki haikuonyeshi hayo. Kwa hiyo kipande cha mbele nilikipanga kwa karatasi yenyewe, nikatia alama za chaki, ndipo nikakata kwa nakala. Mshale mrefu uliochorwa kwenye kila kipande lazima ulale sambamba na ukingo wa kitambaa. Pima kutoka ukingoni hadi kwenye mshale huku na huku, namba zilingane. Ukipuuza hilo, sketi itajizungusha mwilini.

Kushona kwenyewe hakuna mengi. Cherehani yangu ni Singer nyeusi ya kukanyaga, inayokwenda mbele na nyuma basi, na stima ikipotea mimi naendelea. Kijitabu kinakupeleka hatua kwa hatua, na vile vialama vya pembetatu pembezoni mwa vipande vinakutana kwa usahihi ulionifurahisha. Hatua moja usiiruke: kabla ya kuunganisha chochote, pitisha mshono mmoja kuzunguka shingo ya V, ndani ya nafasi ya mshono, yaani ile ziada ya kitambaa kati ya mstari wa kushonea na ukingo. Shingo hiyo imekatwa mshazari, na kitambaa cha mshazari huvutika hata kwa kukibeba tu. Mshono huo unaishikilia.

Kwa kuwa cherehani yangu haina zigizagi, vipande nilipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu apige ovaloki, yaani ashone kingo zisichambuke. Ni mzee aliyeshona sare za shule miaka mingi. Aligeuza sehemu ya juu ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa pembeni.

"Madam, hii amekukatia nani?"

"Nimekata mwenyewe, fundi. Kwa paterni."

"Mabega yako sawa. Lakini hapa pembeni umeacha kidogo. Ukinenepa, utapanulia wapi?"

Ni hoja ya mtu mwenye kazi yake, na naiweka hapa kama upungufu wa kwanza wa paterni hizi. Nafasi ya mshono waliyoweka ni sentimita 1.5, pande zote, na mtindo huo ni wa kampuni kubwa zote za Marekani. Mafundi wetu huacha zaidi pembeni kwa sababu nguo kwetu ni ya miaka, na mwili hubadilika. Nguo inayofuata nitaacha sentimita 2.5 pembeni na mgongoni, shingo na mikono zibaki zilivyo. Ukitumia paterni za jarida la Burda la Ujerumani, kumbuka kwamba nafasi ya mshono haimo kabisa, unaiongeza mwenyewe unapokata.

Upungufu wa pili ni kijitabu. Kiko kwa Kiingereza na lugha nyingine za mbali, na sentensi zake ni fupi mno kwa mtu ambaye hajawahi kushona. Michoro inasaidia, ila sehemu ya zipu iliyofichwa imepewa michoro miwili tu. Nilielewa kwa kuwa nimewahi kuziweka. Anayeanza atafute mtu wa kumwonyesha, au achague gauni la mpira kiunoni lisilo na zipu.

Wa tatu ni kupatikana. Kusubiri bahasha kutoka nje kunachosha, na ndiyo maana wengi sasa wananunua faili ya PDF na kuichapisha hapa hapa. Nimeitumia kwa blauzi. Kwenye saiba mwambie kijana achapishe kwa asilimia 100, asiruhusu mashine ipunguze ili ijae kwenye ukurasa. Ukurasa wenye mraba wa kupimia utoke kwanza, uupime kwa rula pale pale, ukiwa na kasoro hata ya milimita chache usilipie kurasa zilizobaki. Kuunganisha A4 kwa gundi kwa gauni refu kunamaliza jioni nzima. Nafuu ni maduka yanayochapisha ramani za wasanifu majengo, yanakutolea A0, ile karatasi kubwa, na unaanza kukata siku hiyo hiyo. Mimi kwa kitenge bado nitachagua bahasha, kwa sababu ya ile karatasi inayoonyesha maua.

Upindo wa chini usiupige haraka. Sketi ya kupanuka ina sehemu za mshazari ambazo hushuka zikining'inia. Nililitundika gauni usiku kucha, kesho yake nikavaa viatu nitakavyolivalia, na dada yangu akapima kutoka sakafuni kwenda juu, akiweka pini mzunguko mzima. Pembeni palikuwa pameshuka karibu nusu inchi kuliko mbele. Tukasawazisha, nikapiga upindo mwembamba.

Kuhusu gharama, paterni pamoja na kitambaa, zipu, uzi na ovaloki ilinizidi kidogo kuliko kumpelekea fundi kitenge changu na kumlipa ushonaji. Kwa gauni moja hakuna akiba. Ila vipande vya kaki viko tayari, vimekunjwa ndani ya bahasha ya manila vikiwa na jina langu na tarehe ya vipimo, na gauni la pili litanigharimu kitambaa, zipu na uzi tu. Kitenge kilichobaki kilitoa kilemba.

Ningemshauri nani? Mwenye cherehani, anayejua kushona mshono ulionyooka, na aliyechoka na nguo zinazombana nyonga na kumpwaya mabega. Kwa gauni la harusi au kitambaa cha lesi ghali, bado nenda kwa fundi wako mzuri, ukae naye, akupime. Na kama unaagiza bahasha, angalia kundi la saizi kabla ya kulipa. Wanaziuza kwa mafungu, na ile iliyoishia 14 isingekuwa na mstari wangu.