REXX: kukagua namba kwa DATATYPE au kwa VERIFY

Mtumiaji akiulizwa namba ya akaunti kwenye skripti ya REXX (lugha ya programu) ndani ya z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM, waandishi wengi wa programu hukimbilia kitendakazi DATATYPE(jibu,'W'), kinachorudisha 1 kwa namba nzima. Tatizo, kinapokea pia "-12" na " 12 " yenye nafasi pembeni. Tena hukataa tarakimu 10, maana NUMERIC DIGITS, yaani kikomo cha tarakimu ambazo REXX hutumia katika hesabu, isipobadilishwa ni 9.

Kitendakazi VERIFY(jibu,'0123456789') hupitia jibu herufi moja moja kutafuta isiyo tarakimu. "12A4" inarudisha 3, yaani mahali penye kosa, hivyo unaweza kumwonyesha mtumiaji pa kurekebisha. Ila jibu tupu hurudisha 0, sawasawa na jibu safi! Pima LENGTH(jibu) kwanza. Kwa namba za akaunti chagua VERIFY bila kusita. DATATYPE ibaki kwa kiasi kinachoingia kwenye hesabu.