Linux Mint kwenye kompyuta za steshenari: inalipa, ila bakiza Windows moja

Nina steshenari Morogoro mjini. Tunaprinti, tunatoa kopi, tunaskani, tunapiga picha za pasipoti, tunatengeneza kadi za michango ya harusi, na msimu ukifika tunajaza maombi ya vyuo na ya mikopo. Kompyuta zangu karibu zote ni HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad za umri huohuo, zile za mtumba zilizotumika maofisini nje zikaletwa huku. Ni mashine imara kweli. Prosesa ni Intel ya kizazi cha sita, RAM nimezipandisha hadi GB 8, kibodi zake hazichoki. Ila tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya Windows 10, na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka Intel kuanzia kizazi cha nane pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja ya apdeti za usalama kwa anayejiandikisha, lakini hiyo inasogeza siku tu. Mashine isiyo na kasoro yoyote ikawa imehesabiwa kuwa imezeeka.

Nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, toleo lake jepesi liitwalo Xfce, kwenye zote isipokuwa moja, na nimeitumia kwenye kazi za wateja wenye haraka, si za majaribio. Kwa biashara kama yangu naipa alama za juu. Na wapenzi wa Linux wanaosifia jinsi ilivyo nyepesi au ya bure hawajataja yale mawili yaliyonigusa mimi mfukoni: flashi za wateja na bando.

Aliyewahi kukaa kaunta ya steshenari anavijua virusi vya shotikati. Mteja anachomeka flashi, unafungua, unakuta folda zake zote zimegeuka shotikati zenye kimshale pembeni. Ukibonyeza moja inafunguka kama kawaida, kumbe kirusi kimeshaingia kwenye kompyuta yako, na mteja anayefuata ataondoka nacho. Kinachofanyika ni kwamba kirusi kinayapa mafaili halisi ile alama ya Windows ya kufichwa, mara nyingi kinayahamishia kwenye folda isiyo na jina, halafu kinapanga shotikati zake pale yalipokuwa.

Kwenye Mint mchezo wote huo unakuwa wazi. Linux haijali ile alama ya kufichwa, kwa hiyo ukifungua flashi unaona kila kitu: shotikati zenye mkia wa .lnk, kifaili cha .vbs chenye jina la ajabuajabu, na ile folda isiyo na jina, ikoni tupu bila maandishi chini yake. Unaingia humo, unakuta kazi za mtu zipo zote. Kuna binti wa chuo alikuja kaunta sauti ikitetemeka, "Dada, kazi yangu yote imefutika, na nakabidhi leo." Nilimgeuzia skrini, nikafungua ile folda isiyo na jina, akaona sura zote za tasnifu yake zimepangana kama alivyoziacha. Shotikati zenyewe ukizibonyeza hazina pa kwenda, maana amri zilizomo zimeandikwa kwa ajili ya Windows.

Lakini jueni kwamba Mint haikusafishii flashi. Ni wewe unayefuta zile .lnk na .vbs kwa mkono, unatoa mafaili kwenye folda isiyo na jina, unayarudisha yalipokuwa. Usipofanya hivyo mteja anaondoka na kirusi chake, akifika nyumbani kwenye Windows kinaamka upya. Mimi nimeifanya kuwa sehemu ya huduma wala siitozi hela. Na asije mtu akawaambia Linux haishikwi na kitu. Ila hivi virusi vya mitaani kwetu, vinavyozunguka kwa flashi, vimetengenezwa kwa Windows, na huo ndio ukweli unaotusaidia.

Sasa bando. Sisi wa steshenari ndogo hatuna faiba. Tunaishi kwa bando la simu au ruta ya laini. Windows inaweza kuanza kushusha apdeti kubwa saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa, usijue bando limekwenda wapi. Ipo sehemu ya kuieleza kwamba mtandao huu unapimwa ili ijizuie, lakini mafundi wengi wanaotuwekea Windows hawaigusi. Kwenye Mint kuna kingao kidogo kwenye kona ya skrini. Kikipata alama, ujue kuna apdeti. Ukikibonyeza inakuja orodha, kila kitu na toleo lake, na unaona jumla ya MB unazotakiwa kushusha. Haishushi mpaka useme. Za kivinjari nazichukua palepale kwa sababu usalama wetu uko hapo. Zile nzito za kernel (kiini cha mfumo) na fimuwea (programu za ndani za vifaa), zinazofika mamia ya MB, nazisubirisha bando la usiku. Hakuna skrini ya buluu inayokuambia usizime kompyuta huku mteja amesimama na barua ya kazi mkononi.

Kuna jambo la tatu ambalo nalipa uzito kuliko wenzangu wengi. Windows na Office nyingi za mitaani zimewashwa kwa vile viprogramu vya kuvunja leseni, na mara nyingi kabla ya kuviweka fundi anaanza kwa kuizima antivairasi. Humo ndimo wateja wetu wanaingiza nywila za akaunti za mikopo, namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa. Mtu anayenikabidhi cheti chake ananiamini. Kwa Mint siwashi kitu kwa wizi. Naipakua kwenye tovuti yao, naweka, basi.

Kazi za mtandaoni hazinisumbui. Kuomba mkopo HESLB, kuhakiki cheti RITA, Ajira Portal, udahili wa vyuo, vyote hivyo ni kivinjari, na Firefox inakuja ndani ya Mint. WhatsApp ya kwenye kivinjari inafanya kazi, na huko ndiko nusu ya wateja wanakonitumia mafaili. Kuskani ndiko kulikonifurahisha zaidi: ile programu ndogo ya kuskani inayokuja nayo inaunganisha kurasa moja kwa moja kuwa PDF, na ukishusha ubora hadi nukta 150 kwa inchi, faili linakuwa dogo kiasi cha kukubaliwa na mifumo inayokataa mafaili makubwa.

Tuje kwenye Word, kwa maana hapa ndipo watu wanapokwama. Mint inakuja na LibreOffice, seti ya bure ya programu za ofisi. Programu hii ilitokana na OpenOffice mwaka 2010, na wazee wa kompyuta hapa nchini wataikumbuka Jambo OpenOffice, ile iliyotafsiriwa Kiswahili na mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa barua, CV, mikataba ya kupanga nyumba, mihtasari ya vikao vya kikoba, risiti na bajeti, LibreOffice inatosha kabisa. Kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili ipo, inapakuliwa bure. Inapigia mstari maneno mengi yaliyo sahihi, hasa vitenzi vyenye viambishi virefu, lakini makosa ya vidole inayakamata.

Tasnifu ni habari nyingine. Mwanafunzi ameandika kwenye Word kurasa 90, ana jedwali la yaliyomo linalojihesabu lenyewe, namba za Kirumi mwanzoni na za kawaida kuanzia sura ya kwanza, milinganyo, picha zilizobanwa pembeni ya maandishi. Ukilifungua faili hilo kwenye LibreOffice utaona karibu kila kitu, na hiyo "karibu" ndiyo hatari. Chanzo kikubwa ni fonti. Calibri na Times New Roman zina leseni ya wenyewe, hivyo LibreOffice hutumia mbadala zake, Carlito na Liberation Serif, ambazo zimepimwa upana uleule wa herufi ili mistari isihame. Hilo linasaidia sana. Ila mwanafunzi akitumia fonti nyingine isiyo na mbadala, mstari mmoja unasukuma mwingine, jedwali linakatika katikati ya ukurasa, na sura ya nne iliyokuwa ukurasa wa 47 inaangukia wa 48. Kwa tasnifu inayokwenda kujaladiwa, hilo halivumiliki.

Kwa hiyo duka langu lina sheria: kazi ya chuo iletwe PDF. PDF inatoka kwenye Mint sawasawa na ilivyokuwa kwa mwenyewe. Asiye na PDF, faili lake linafunguliwa kwenye kompyuta ya Windows. Ukiwa huna mashine ya pili, Word ya kwenye kivinjari inapatikana bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft. Inakula bando kiasi fulani, lakini inaheshimu mpangilio kuliko LibreOffice.

Printa ndiyo inayoweza kukuharibia mpango wote, kwa hiyo ipimeni kabla hamjafuta chochote. Mint inawashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Iwashe hivyo, chomeka printa yako, toa karatasi. Printa mpya nyingi zinajitambulisha zenyewe bila draiva, yaani kiprogramu cha kuziunganisha na kompyuta. Epson zile za matangi ya wino zina draiva ya Linux. HP wana programu yao iitwayo HPLIP ambayo imo ndani ya Mint tayari, ila modeli ndogo kama LaserJet P1102 zinataka kipande cha ziada kinachoshushwa mtandaoni, hivyo fanya ukiwa na bando. Zinazosumbua ni zile leza za bei nafuu ambazo hazina akili yao, zinategemea kompyuta iwapangie ukurasa mzima. Kama mtengenezaji hakutoa draiva ya Linux, hapo mara nyingi huna la kufanya.

Kadi za harusi nazo zina shida yake. Violezo vyetu vingi viko kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi, na LibreOffice Draw inavifungua ikiwa imevivuruga: maua yanahama, majina ya wazazi yanapandana. Photoshop na CorelDRAW hazipo kwenye Linux. Kwa picha za pasipoti GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, inanitosha, na kadi mpya naanza kuzichora kwenye Inkscape, ya bure pia, ambayo ni nzuri kweli ukishaizoea, na kuizoea kunataka uvumilivu. Nawasihi wenzangu waanze sasa hata kama hawana mpango na Linux, kwa kuwa Microsoft wenyewe wametangaza kwamba Publisher inafika mwisho wake Oktoba 2026.

Kuiweka si kazi ya kuogopesha. Faili lake linakaribia GB 3, lishushe usiku. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, kiprogramu cha Windows cha kutengenezea flashi ya kuwashia, zima kompyuta, kisha iwashe ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa ThinkPad ili uchague flashi. Nakili mafaili yako pengine kwanza, kwa sababu ukichagua kufuta diski imefuta. Kama Wi-Fi haionekani, unganisha simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti kutoka hapo. Mint inaipokea mara moja, kisha utafute draiva ya Wi-Fi kwenye kidhibiti cha draiva. Na kama mashine bado ina diski ya kuzunguka, badili uweke SSD, diski isiyozunguka, kabla ya yote. Hakuna mfumo, uwe Windows au Linux, utakaoonekana mwepesi juu ya diski iliyochoka.

Mwenye RAM ya GB 4 achukue Xfce. Mwenye GB 8 anaweza kuchukua Cinnamon, toleo jingine la Mint, inapendeza zaidi machoni. Mimi nimebaki na Xfce kwa kuwa kinachonihangaisha ni Firefox yenye vichupo ishirini, na kila MB iliyobaki ni yake. Matoleo ya Mint ya namba 22 yanahudumiwa hadi 2029, na hiyo ni miaka ya kutosha kwa EliteBook kumaliza kazi yake kwa heshima. Mwenye duka la usanifu tupu, anayeishi kwa Photoshop na CorelDRAW, simshauri.

Ile moja ya Windows niliyobakiza ni ya kizazi cha nane, nimeiweka mwisho wa kaunta kwa ajili ya Word na Publisher tu, na flashi ya mteja haichomekwi hapo kabla haijapitia kwenye Mint.