Behringer UMC22: laki mbili na ushee za kununua ukimya

Taarabu nyingi za zamani za Unguja zina sekunde mbili tatu kabla udi haujaanza: mtu anavuta kiti, mpiga fidla anajaribu uzi. Kwenye kompyuta yangu ya mezani, mtumba wa Kariakoo, sekunde hizo zilijaa "zzzz", na kila nikisogeza kipanya nasikia panya kweli wanakimbia darini.

Nilibadilisha hedifoni. Fundi akapuliza vumbi, akachukua elfu kumi yake. Mlio palepale. Mwishowe nikanunua saundi kadi ya nje, hii UMC22, kijisanduku kinachokula umeme wa USB tu.

Nilikichomeka usiku, feni nimezima, nikaweka bashraf ninayoizoea, kipande cha taarabu cha ala tupu. Kimya. Nikasogeza kipanya. Kimya. Halafu nikasikia mtu anakohoa kule nyuma ya ngoma ya dumbaki. Miaka sita tumeishi naye kwenye faili moja bila kujuana!

Sasa yale ya madukani, kwamba muziki "unafunguka" na besi "inashiba", nilitaka kuyahakikisha. Mdogo wangu akakaa nyuma yangu, anahamisha plagi ya hedifoni kati ya kompyuta na kisanduku bila kuniambia. Raundi ya kwanza nilipatia kumi kwa kumi, nikajiona nina masikio ya popo. Kumbe kisanduku kilikuwa kinapiga juu kidogo, na sikio likisikia sauti kubwa zaidi hudhani ndiyo nzuri zaidi. Tukasawazisha, tukaweka bongo fleva iliyojaa ngoma mwanzo mwisho: tano kwa kumi, bora ningerusha shilingi. Kwenye bashraf nilirudi kumi kwa kumi, ila nilichokuwa nakitambua ni ule mlio. Udi wenyewe ulikuwa uleule.

Ndani ya boksi la kompyuta, chipu ya sauti inakaa ubao mmoja na prosesa, jirani na kadi ya picha, na uchafu wa umeme wao unavujia kwenye njia ya sauti. Kisanduku kinaifanya kazi ya chipu hiyo nje, mbali na fujo. Lakini si kila kompyuta ina fujo. Laptopu ya dada yangu ni kimya tangu mwanzo. Nilipokichomeka kwake sikusikia tofauti hata chembe, naye akaniuliza kama kinachaji simu.

Kero zipo ndogo. Tundu la hedifoni ni lile nene la milimita 6.3, kwa hiyo adapta ni lazima. Kirungu kimoja cha sauti kinaongoza hedifoni na spika kwa pamoja, ukipunguza huku umepunguza na kule. Kinaishia 48 kHz, yaani kupima sauti mara elfu 48 kwa sekunde, na wapo watakaokicheka kwa hilo. CD yenyewe ni 44.1, mimi nacheza kaseti za marehemu babu.

Kwa anayerekodi, hapo sina ubishi, nunua. Kinatoa volti 48 za maikrofoni ya kondensa, aina inayohitaji umeme ili ifanye kazi, kitu ambacho tundu la maiki la kompyuta halina.

Wewe wa kusikiliza tu, kabla hujatoa hela: zima feni, vaa hedifoni, usicheze wimbo wowote, panua sauti, sogeza kipanya. Usiposikia panya, hiyo laki mbili nunulia hedifoni.