Pakiti ya sarafu za Poland ya kikomunisti, Kisumu: mvuvi ni wa kweli, PRÓBA iache

Vipande tisa kwa shilingi 1,500, kwenye kibanda cha vitu vya kale katikati ya mji. Karatasi ya pakiti inasema "fedha za kale". Fedha hapo ni pesa tu. Madini ya fedha hayamo hata chembe.

Nyingi ni alumini, ileile ya sufuria. Zloti (pesa ya Poland) 1 ya 1949 ilipigwa kwa metali mbili, zote upana wa milimita 25: ya shaba na nikeli ina gramu 7, ya alumini gramu 2.12. Iliyomo ni hiyo nyepesi. Tai wake, nembo ya Poland, hana taji, wakomunisti walilivua. Zilizofuata, kuanzia 1957, zina maneno Polska Rzeczpospolita Ludowa.

Kipande cha kununulia pakiti nzima ni zloti 5 ya 1958, kazi ya Józef Gosławski: mvuvi anavuta wavu, na watu wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, hawahitaji kuelezwa mkao ule. Ina milimita 29 na gramu 3.45 tu. Alumini ni laini, kwa hiyo tazama kwanza sehemu zilizoinuka, mabega na mikono. Zikiwa bapa, sarafu imezunguka sana mifukoni. Angalia pia tarakimu 8 ya mwaka: kuna nyembamba na pana.

Pembeni kuna zloti 10 yenye neno PRÓBA, yaani jaribio, kwa shilingi 4,000. Majaribio mengi ya nikeli tupu yalipigwa vipande 500 tu, ndiyo maana walaghai hugonga neno hilo kwenye sarafu ya kawaida. Sumaku ya spika hunasa nikeli tupu, hainasi mchanganyiko wa shaba na nikeli. Hii haikunaswa. Hilo peke yake halitoshi, maana majaribio ya mchanganyiko pia yapo. Ila chini ya lenzi metali imevimba kuzunguka herufi, na upande wa pili, nyuma ya neno, michoro imelala. Imegongwa baadaye.

Zitoe haraka kwenye kile kijaluba cha plastiki laini: huacha utando wa kijani kwenye zenye shaba. Bahasha ya karatasi kavu ni bora zaidi. Usizisugue kwa magadi. Alumini huliwa, na sarafu hubaki na madoa yasiyotoka.